Ile Laivu Tuliyosahau Kuizima

Yakobi, Njombe
Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Asubuhi ukungu mpaka saa tatu, kisha jua bila upepo. Neti ya kitalu ililowa umande kama imenyeshewa.

Mwanangu Faraja,

Unayajua mazoea yangu, siwezi kuandika kitu bila kuanza na tarehe na hali ya hewa. Ulipokuwa darasa la nne uliichungulia shajara yangu, ukaenda kumwambia baba yako kwamba usijali, mama anaandika habari za mvua tu. Baba yako alicheka wiki nzima. Leo nimeanza vilevile, ila sitaishia kwenye mvua.

Sitaandika habari za blanketi, sabuni wala namna ya kulinda mzigo. Hayo tumeyasema tangu Jumatatu mpaka ukawa unayamalizia kabla sijayamaliza. Shangazi yako atayarudia kesho Makambako tangu utakaposhuka hadi basi la Dodoma litakapoondoka, na kama namjua vizuri wifi yangu, atayasema tena dirishani gari likiwa limeshawashwa. Bado amechukia kwamba unasafiri Jumapili. Mwache aseme, ni upendo wake.

Mimi nataka kukueleza jambo moja ambalo hulijui, nalo ni namna nilivyojua kwamba ulitaka kwenda chuo.

Wewe unaamini ni shangazi aliyeniambia. Najua unaamini hivyo kwa sababu ya yule jogoo. Mwezi wa sita, ulipokwisha kutuma maombi, ulimpelekea jogoo mwekundu kama shukrani. Jioni hiyo alinipigia simu.

"Wifi, mwanao kaniletea jogoo. Ananishukuru, macho yamejaa machozi. Nimepokea, lakini nimefanya nini?"

"Mle tu, wifi. Siku moja nitakueleza."

"Basi namchinja leo leo, kabla hamjagundua mmekosea nyumba."

Akamla. Sijamweleza mpaka leo. Yule jogoo hakufika alipostahili, na aliyempoteza ni mimi, maana uliponiuliza nani kaniambia habari za chuo nilijibu kwamba mama ana mambo yake anayoyajua. Haikuwa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua.

Nianze mbali kidogo ili nieleweke.

Mwanzoni mwa mwaka jana ulikuwa nyumbani ukisubiri matokeo ya kidato cha nne, na simu yangu ilikuwa haikauki sikioni. Watu walionunua miche kwetu walikuwa wanataka kubebesha wenyewe, kupachika kikonyo cha parachichi ya kisasa juu ya shina la kienyeji, na kila mmoja alitaka nimweleze kwa mdomo kitu ambacho hata kwa macho kinasumbua. Siku hiyo nilikuwa namweleza mama mmoja wa Mlangali jinsi ya kufunga nailoni pale kikonyo kinapoungana na shina, nikajikuta nazungusha mkono hewani kana kwamba ananiona. Ulikaa juu ya ndoo ukacheka mpaka ukainama.

"Mama, wewe unahitaji laivu."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Unafanya kazi, watu wanakuona hapo hapo. Wanauliza, unajibu."

"Na nikikosea?"

"Wanakuona ukikosea."

Sijui kwa nini nilikubali baada ya jibu kama hilo. Ile ya kwanza nilisimama kama napigwa picha ya kitambulisho. Nikawasalimu "Kamwene," kisha nikanyamaza nikisubiri waitikie. Watazamaji walikuwa wachache sana, mmoja wao shangazi, mwingine baba yako akiwa kwenye kazi yake ya mbao Makambako. Maoni ya kwanza kabisa tuliyopata yalitoka kwake: Mama Faraja, kilemba kimelala upande.

Jioni yake ukaegemeza simu kwenye chupa ya chai, mimi namenya viazi, ukasema tuitazame tena. Nikakataa. Mtu mzima kujitazama mwenyewe nikaona ni majivuno, na kwa kweli niliogopa. Ukaibonyeza hivyo hivyo. Nikaona kidevu, nikaona meno, nikasikia sauti ambayo sikudhani ni yangu. Nikasema zima.

"Usiangalie uso, mama," ukaniambia. "Angalia mikono."

Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimekaa kwenye semina za bwana shamba zaidi ya ninazoweza kuzikumbuka, na sijawahi kufundishwa kwa maneno machache namna hiyo. Kuanzia siku ile nilitazama mikono. Ndivyo tulivyogundua habari ya ndoo. Unaikumbuka. Watu walianza kulalamika kwamba miche waliyobebesha kwa maelekezo yangu inakauka, na mimi nikawa nasema hawafuati maelekezo, watu siku hizi hawana utulivu. Tukaitazama laivu upya. Mdomoni nasema vikonyo vikae kivulini, vimeviringishwa kwa kitambaa kibichi. Nyuma yangu vikonyo vyangu vimekaa ndani ya ndoo, juani, na kile kitambaa nimejifutia mikono. Mimi vyangu vilipona kwa sababu navipachika haraka. Watu wanaojifunza nyumbani hawana haraka hiyo, na walikuwa wamefanya walichokiona.

Nilitaka uifute laivu ile. Ulikataa. Ulisema tuiache palepale, halafu tuingie tena, nioneshe ndoo na niseme nilikosea. Nilikaa siku mbili bila kukuzungumzisha vizuri, kisha nikafanya. Hakuna laivu iliyotuletea watu wengi kama ile. Yule mama wa Mlangali aliandika kwamba amefurahi kujua mwalimu naye anakausha miche. Nilicheka nikiwa laivu, nikaona jioni kwamba nikicheka nafunika mdomo kama msichana. Sikuwahi kujua.

Asante kwa siku ile. Niliandika kwenye shajara kwamba ulikuwa na kiburi. Nimeufuta mstari huo leo.

Kuna kitu kingine nilikiona kwa kujitazama, nacho kilinichukua muda zaidi. Nina neno langu, "sawa sawa." Mwanzoni nilidhani ni la kupokelea maswali. Mtu anauliza, nasema sawa sawa, najibu. Lakini nilipoendelea kutazama nikaona nalisema hata pasipo na jibu. Mtu anaandika kwamba amefiwa na mume na ndiyo maana hakuja kuchukua miche, wewe unanisomea kwa sauti ya upole, na mimi nimeinamia kisu, nasema sawa sawa, anayefuata. Nilisema hivyo, Faraja. Nilimpigia yule mama baadaye nikamwomba radhi, akasema hata hakuona vibaya. Ila mimi niliona. Neno lile lilikuwa linanitoka wakati masikio yamefungwa, na watu walilichukua kuwa jibu.

Sasa nifike kwenye laivu yenyewe.

Mwezi wa tano mwaka huu wenye mtandao walitangaza kwamba laivu za zamani zitaondolewa, mwenye kuzitaka azihifadhi mwenyewe kabla. Ulikuwa na homa wiki hiyo. Nikasema nitakwenda mimi Makambako, kwenye lile duka la kutoa kopi jirani na kwa shangazi, ambako mtandao una nguvu, nizipakue moja moja. Ulinielekeza kitandani namna ya kufanya, ukaniandikia hatua kwenye karatasi, ukasema, "Mama, usizitazame zote, utalala huko." Nawe unanijua. Siwezi kuweka kitu akibani bila kujua ni kitu gani.

Nikakaa kwenye kigoda karibu na mashine ya kopi, nimeweka vile vipokea sauti vyako masikioni. Nilikuwa natazama mwanzo kidogo, naruka katikati, natazama mwisho, nahifadhi, naandika tarehe na mada. Nikafika ile ya mwezi wa nane mwaka jana. Katika shajara yangu siku ile inasomeka hivi: Sakitu asubuhi, nyasi nyeupe, baridi kali. Laivu imeenda vizuri. Faraja kimya, huenda ni baridi.

Nilishangaa urefu wake. Laivu zetu hazikuwa ndefu vile. Nikaruka hadi mwisho nikidhani simu ina tatizo, nikaona kijani kitupu. Ilikuwa ni neti ya kitalu ikitazamwa kutoka chini, na pale kwenye tundu lililochanika, wingu linapita. Nikarudi nyuma kidogo. Nikajisikia nawaaga watu, asanteni, tukutane Jumamosi. Halafu picha ikapinduka na kutulia kwenye neti. Mimi nilidhani wewe umezima, wewe ulidhani nimezima mimi, na simu ikawekwa juu ya viriba vya miche ikiwa bado inarusha. Watazamaji waliondoka karibu wote. Nani atakaa kutazama neti?

Ilibaki sauti tupu. Nakuandikia kama nilivyoisikia, na nimeisikia mara nyingi.

Kuku analia mbali. Kisu kinakata. Kisha wewe.

"Mama."

"Eeh."

"Jana nilipokwenda mjini nilipita kuangalia yale majina."

"Viriba ulivikuta?"

"Nilivikuta. Mama, nimechaguliwa. Upimaji ardhi, Tabora."

"Nipe nailoni."

Hapo wingu linaingia kwenye tundu la neti na kutoka.

"Wanataka mtu athibitishe kabla ya mwisho wa wiki ijayo."

"Si hiyo, hiyo fupi. Nipe ndefu."

"Hii hapa."

"Sawa sawa."

Kisha ukasema "haya," kwa sauti ndogo, kama mtu anayefunga mlango asiamshe waliolala. Baada ya hapo ni kisu, na kuku, na mimi nikilalamikia bei ya viriba.

Sikumbuki mazungumzo yale, Faraja. Nimejaribu kuyakumbuka mpaka kichwa kimeuma. Nakumbuka baridi. Nakumbuka mche uliokuwa mkononi, ulikuwa na shina nene kuliko kikonyo, ulinisumbua. Mwanangu alikuwa amekaa karibu nami kiasi cha kunipa nailoni mkononi, ananiambia jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuniambia, na mimi nakumbuka unene wa shina.

Lakini si hilo lililonifanya nivue vipokea sauti. Unapoitazama laivu ya zamani pale pale mtandaoni, maoni ya watu yanapanda upande kama yalivyoandikwa siku ile. Wewe huyajali, mimi huyasoma yote. Wakati naomba nailoni, kulikuwa na mtu mmoja hajaondoka. Ni yule mzee wa Ilembula anayechukua miche kwetu kila msimu, mwenye koti la kijivu. Aliandika: Mama Faraja, binti anakwambia jambo. Kisha, nilipotaka nailoni ndefu, akaandika tena: Mama, msikilize mtoto. Kisha naye akaondoka.

Mtu aliye Ilembula alikusikia. Mimi niliyekuwa nimekaa nawe sikukusikia.

Msichana wa lile duka alisimamisha mashine akanitazama.

"Mama, umepata habari mbaya?"

"Hapana, mwanangu. Habari ya zamani."

Nikatoka nje nikasimama barabarani kidogo, malori yanapita kwenda Songea, kisha nikarudi nikamaliza kuzihifadhi zote. Nilijua nikiacha nitashindwa kurudi. Hapo nikagundua kitu ambacho hukuniandikia kwenye karatasi. Ukiihifadhi laivu, picha inakuja na sauti inakuja, lakini maoni hayaji. Yanabaki kule, na kule kulikuwa kunafutwa. Kwa hiyo maneno ya yule mzee niliyanakili kwa mkono. Ndiyo yaliyobaki duniani sasa, kwenye shajara yangu na kwenye barua hii.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa linaelekea kuzama. Ulikuwa umeamka, una shuka begani, unamwagilia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na nilipokuona yote yakanitoka.

"Faraja, maombi ya chuo yanafunguliwa lini?"

"Chuo gani?"

"Cha kupima ardhi."

Kopo liliendelea kumwaga mahali pamoja mpaka kiriba kikafurika na maji yakaingia kwenye kandambili zako. Ukauliza nani kaniambia. Nami nikajibu lile jibu la mambo ninayoyajua. Niliona aibu kukwambia kwamba uliniambia mwenyewe.

Tangu siku ile nimejiuliza kwa nini hukurudia. Hasira haikuwa, maana ningeiona. Nadhani ulifikiri umejibiwa. Ulisema, nikasema sawa sawa, nikaendelea na kazi, nawe ukalichukua kuwa ndilo neno la mama: amesikia, na hataki. Ukaiacha nafasi ipite. Ukaendelea kunishikia simu kila Jumamosi mwaka mzima, baridi na mvua, na hata siku moja hukunifanya nione kwamba kuna kitu umeacha kwa ajili yangu. Sijui ungekuwa wapi sasa. Sitaki kulihesabu hilo, na nakuomba nawe usilihesabu. Ninachotaka ujue ni kwamba sikukataa. Mama yako hajawahi kukataa uende. Hakusikia.

Yule mzee alikuja mwezi wa saba kuchukua miche. Nilimpa kiti, nikamuuliza kwa nini siku ile hakunipigia.

Aliketi kwanza. "Niliandika, mama. Nikadhani utasoma jioni."

"Jioni ile hatukutazama. Ilikuwa baridi."

"Na binti?"

"Ametuma maombi tena, Tabora kule kule."

"Aa. Basi imefika," akasema, akainuka kuchagua miche yake. Nilimwongezea mmoja mzuri, akauliza ni wa nini, nikamwambia ni badala ya jogoo. Hakuelewa, akaupokea.

Nataka kukwambia pia mema niliyoyakuta kwenye laivu zile, maana yalikuwa mengi kuliko hilo moja. Nilianza kukutafuta. Niliporudi kuzitazama safari ya pili sikutazama uso wangu wala mikono, nilikuwa nakutafuta wewe. Huonekani hata mara moja. Mwaka na nusu wa Jumamosi zetu, na sura yako haimo, kwa sababu wewe ndiye uliyeshika simu. Lakini umo kila mahali. Kivuli chako kiko juu ya tuta la miche asubuhi, kichwa kimefungwa kitambaa. Kidole chako kinapita mbele ya kioo unapofuta vumbi. Unakohoa mwezi wa saba wote. Unacheka bila sauti na picha inatikisika, mimi naendelea kueleza sijui kinachochekesha. Kuna mahali mdudu ananipanda shingoni na mkono wako unatokea upande, unamtoa, unarudi ulikotoka. Na sauti yako, "mama sogea, jua liko nyuma yako," "mama, kuna swali," "mama, pumzika kidogo, kunywa chai."

Bibi yako wa Mlangali, mama yangu, alinisindikiza nilipokwenda shule ya bweni. Alibeba sanduku langu la bati kichwani tangu nyumbani mpaka barabarani, na alisema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo, kwa Kibena, neno kwa neno. Lakini sauti yake siikumbuki. Nikiyarudia maneno yale moyoni nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa sijui kwamba sauti nayo inapotea. Ulipokuwa unanihimiza tuhifadhi, tuhifadhi, mama vitu hivi vinafutwa, nilidhani ni mambo ya vijana. Kumbe ulikuwa unaniwekea sauti yako ili nisiipoteze. Asante, mwanangu.

Ndani ya bahasha hii kuna memori kadi, nimeifunga kwenye kipande cha nailoni. Laivu zote zimo, kwa tarehe, na ile ndefu imo pia. Usiitazame ndani ya basi. Itazame ukiwa umekaa, umekula, umezoea chumba chako. Ukipenda kuifuta, ni yako, ifute. Mimi nimebaki na yangu.

Usinihurumie kuhusu Jumamosi ijayo. Baba yako amenichongea kishikio cha simu cha mwanzi, anajisifu nacho kama amejenga daraja. Kimesimama vizuri. Hakikohoi. Nitakizoea.

Leo mchana ulishangaa nilipokunyang'anya simu nikasema utabebesha wewe, nitashika mimi. Ulisema nywele zako hazijasukwa. Nikakwambia usijali uso, wataangalia mikono. Ulininunia kidogo, kisha ukawasalimu watu kama vile umefanya kazi hiyo maisha yako yote. Baba yako aliandika, nani kashika simu, picha inatetemeka kama trekta. Kweli, mikono yangu haikuzoea kushika simu. Lakini umeonekana. Laivu ile nimeshaihifadhi, ndiyo ya mwisho kwenye kadi, na sura yako imo mwanzo hadi mwisho, mpaka ile alama ya kovu la utotoni kwenye nyusi.

Tulipowaaga watu nilizima mwenyewe, nikahakikisha mara mbili, nikaitia simu mfukoni. Kwa hiyo yaliyofuata hayamo mtandaoni wala kwenye kadi. Nimeyaandika hapa ili yawe mahali.

Ulikuwa bado na miche michache ya kumalizia. Nikakaa karibu nawe juu ya ndoo.

"Mama."

"Nakusikiliza."

"Na kama hesabu zao ni ngumu?"

Nilitaka kusema sawa sawa, neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza. Nikasema, "Ziko ngumu namna gani?" Nawe ukanieleza, habari za pembe na vipimo na yule dada aliyekwambia kwamba wasichana ni wachache darasani, na kwamba unaogopa kuwa wa mwisho, na kwamba unaogopa zaidi joto la Tabora kuliko hesabu, tukacheka. Sikuelewa habari ya pembe. Lakini nimesikia yote, na nikiulizwa nitayasema.

Kisha ukanyoosha mkono bila kuinua macho kutoka kwenye mche, ukasema, "Mama, nipe nailoni."

Nikakupa ndefu.

Mama yako.

Saa sita na nusu usiku, kuna upepo kidogo, nyota zinaonekana. Nalala.